Kanuni Iliyosahaulika Siku ya Umuganda

Saa moja na nusu asubuhi. Elikia Uwineza bado hajanywa chai. Amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati mjini Kamembe, magharibi mwa Rwanda, kompyuta imefunguliwa mbele yake, na anaandika swali lile lile aliloliandika jana, juzi na kila asubuhi kwa miezi mitatu sasa.

"Wanawake wanne wanatumia namba moja ya simu. Ni watu wangapi?"

Analiuliza mara tatu, kwa programu tatu tofauti za akili mnemba. Ya kwanza inajibu mara moja: wanne. Ya pili inajibu wanne pia, kisha inaongeza maelezo marefu ambayo hakuna aliyeyaomba. Ya tatu inajivuta kidogo. Elikia ameweka viganja vyake juu ya magoti na haangalii pembeni.

Wanne, inasema.

Hapo ndipo anashusha pumzi, anafungua dirisha na kuwasha jiko la mkaa.

"Ile ya tatu njo inaniogopeshaka," anasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, akipuliza moto. "Najua itajibu vizuri. Lakini nisipoisikia, siwezi kuanza kazi."

Elikia ana miaka 30 na ni mwandishi wa programu za kompyuta. Yeye mwenyewe anapenda kusema kwamba siku hizi haandiki sana. Kazi yake kubwa ni kuwaelekeza waandishi watatu wasiolala, wasiokula na wasiosemezana. Amewapa majina ya Kinyarwanda kama watoto wa nyumba moja: ya kwanza ni Imfura, yaani kifunguamimba, ya pili anaiita Katikati, na ya tatu ni Bucura, kitindamimba.

Kwa nini tatu? Swali hilo ameulizwa hata na mchungaji wake. Imfura ni hodari, lakini kifurushi chake humalizika kabla ya mwezi kwisha. Katikati ni mzuri wa kusoma kazi ya zamani na kuona palipooza. Bucura hufanya kazi hata kwenye simu, mtu akiwa sokoni. Kwa wateja wake watano Elikia anapata kama faranga laki tatu kwa mwezi, na karibu theluthi huishia kwa watatu hawa na kwenye intaneti.

"Shida haiko kazi. Bote banajua kazi," anaeleza. "Shida ni maagizo. Kila moja iko na karatasi yake. Mi naandika pale: fanya hivi, usifanye hivi, huku Kamembe tunafanyaka hivi. Lakini karatasi ya huyu, yule hasomake. Ukibadirisha kwa moja, inabidi ukimbie kwa zile zingine mbili."

Kukimbia huko, kwa miaka miwili, alikufanya kwa mkono. Aliandika kanuni kwenye faili la Imfura, akainakili kwa Katikati, akainakili kwa Bucura. Kanuni arobaini na moja, faili tatu. Anayejua kupika vyungu vitatu kwa mara moja anajua pia kwamba kimoja lazima kitaungua siku moja. Elikia naye alijua, ila hakuna anayejua kitaungua kipi, na kitakuwa cha nani.

Elikia alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, katika familia ya Kinyarwanda. Waliporudi Rusizi, wilaya yenye Kamembe, alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Shuleni walimcheka. Alipata nafuu sokoni, ambako mama yake aliuza nyanya, kwa kuwa meza ya jirani ilikuwa ya mwanamke mwingine aliyekulia Kongo na kuongea Kiswahili kama chake: Nyiramahoro, muuza isambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu.

"Alinilisha," Elikia anasema kwa ufupi. Mama yake alipofariki, Elikia akiwa na miaka 19 na akisomea kompyuta Huye, ni Nyiramahoro aliyekwenda kumchukua stendi ya basi. Tangu siku hiyo anamwita Maman, na Nyiramahoro humwita mutoto wangu.

Ni Nyiramahoro huyo huyo aliyempa kazi anayojivunia kuliko zote. Wanawake wanaofanya biashara kati ya Kamembe na Bukavu wana ushirika wenye chumba cha baridi karibu na soko. Wako themanini na kitu, na nafasi ndani ni sitini tu. Zamani nafasi ziligawanywa kwa daftari, na daftari lilizaa matusi. Elikia akatengeneza mfumo: kila jioni ujumbe wa simu unamwambia mwanamke kama kesho ana nafasi na ni namba ngapi, na asubuhi orodha inatokea kwenye kompyuta ndogo ya mlinda mlango.

Wengi hawakutaka. Walisema mashini haina haya. Nyiramahoro akasimama mkutanini na kusema kwamba mashini huenda haina haya, lakini Elikia anayo, na yeye anamfahamu. Daftari likawekwa kabatini.

Ndiye pia aliyempa kanuni ambayo leo inaulizwa kila asubuhi. Ukanda huu wanawake wengi hutumia simu moja kwa kikundi. Mmoja ana simu, watatu wengine wanaandikisha namba yake, naye jioni anawapigia kelele kutoka mlangoni kwake au anamtuma mtu. Kikundi cha Nyiramahoro kinatumia simu ya Véronique Ntabaza, mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka daraja karibu kila siku.

"Aliniambia: andika vizuri, simu ni moja, bantu ni bane, kila muntu na basene yake," Elikia anakumbuka, basene ikiwa beseni la samaki. "Nikaandika vile vile alivyosema. Kwa Imfura. Kisha kwa Katikati."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika Rwanda nzima asubuhi hiyo ni ya umuganda, kazi ya pamoja, na mtaani kwake walikuwa wanazibua mitaro kabla ya mvua. Faili la Bucura lilikuwa limefunguliwa mbele yake wakati kiongozi wa mtaa alipogonga mlango na kuuliza kama wasomi hawana majembe. Elikia akacheka, akachukua jembe.

Alirudi saa sita, miguu imejaa tope. Akaoga, akala, akafunga kompyuta. Kanuni ikabaki kwa wawili.

Hakuna kilichotokea kwa muda mrefu. Hilo ndilo baya la makosa ya aina hii: hukaa kimya kama mdeni asiyedaiwa. Kila kitu kilikwenda vizuri kwa sababu kazi za chumba cha baridi alizifanya na Imfura.

Kisha ikafika Jumanne moja. Kifurushi cha Imfura kilikuwa kimekwisha, na Jules, mlinda mlango, alikuwa amelalamika kwamba baadhi ya majina yanatokea mara mbili. Alikuwa na haki. Huku mtu ana jina la ubatizo na jina la Kinyarwanda, wala si lazima lifanane na la baba yake. Mwanamke mmoja alikuwa amejiandikisha kama Vanessa mwezi wa kwanza na kama Gaju mwezi wa tatu, na mfumo ukampa nafasi mbili. Elikia akamfungua Bucura na kumwagiza kwa sentensi moja: ondoa wanaojirudia.

Bucura alifanya kile ambacho mtu yeyote asiyejua Kamembe angefanya. Alitazama namba za simu. Penye namba moja akaona mtu mmoja, akabakiza jina la kwanza na kufuta mengine. Kazi ilichukua chini ya dakika moja. Majina kumi na tisa yameondolewa, likasema jibu.

Sita yalikuwa ya kujirudia kweli. Kumi na tatu walikuwa wanawake wazima.

"Niliona kumi na tisa," Elikia anasema. Amekishika kikombe bila kunywa. "Nikasema, hee, kumbe yalikuwa mengi hivyo. Sikusoma majina. Majina yalikuwa pale pale, chini, nilipaswa tu kushusha kidole. Jina ya Maman ilikuwa ya ine."

Jioni hiyo, upande wa pili wa daraja, simu ya Véronique ililia mara moja tu.

"Siku zote zinakuyaka message ine," Véronique anasimulia. "Ile siku ikakuya moja, ya jina yangu. Nikasema ni réseau ya simu. Huku réseau inatusumbuaka, we mwenyewe unajua. Nikalala."

Nyiramahoro hakusubiri ujumbe. Jumatano ilikuwa siku yake, na Jumatano hiyo hakuwa na mchezo. Kwa miezi minane alikuwa amebembeleza kantini moja ya wafanyakazi huko Muganza imchukue kama muuzaji wao wa isambaza wa kila wiki, na walikuwa wamemkubalia. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kupeleka. Mpango wake ulikuwa wa kawaida: anapokea samaki ziwani alfajiri, anawapoza hadi saa tano, kisha anateremka nao bondeni, kwenye joto la Bugarama ambalo halina huruma na samaki wala mtu.

Saa kumi na mbili alikuwa mlangoni na kilo ishirini na tano.

Jules anaeleza bila kuinua macho. "Nilikuwa namuona Maman pale na basene yake. Namujua tangu zamani. Lakini jina haikukuwa kwa liste. Na bo benyewe njo balipigaka kura: hakuna jina, hakuna kuingia. Ningemufungulia yeye, bengine bangeniuliza juu ya nini. Nikapigia Elikia. Simu imefungwa."

Simu ilikuwa imefungwa kwa sababu Elikia alikuwa ameizima tangu usiku ili ajiandae kupanda jukwaani. Siku hiyo kulikuwa na mafunzo ya vijana ukumbini, dakika kumi tu kwa miguu kutoka sokoni, naye alialikwa kueleza namna msichana wa Kamembe alivyowaondolea akina mama daftari. Alipigiwa makofi. Anasema makofi hayo ndiyo anayoyasikia akiamka.

Wenzake Nyiramahoro waliokosa majina hawakupoteza muda. Wengine waliuza pale pale barabarani kwa bei ya kutupa, wengine walikimbilia kuanika. Walimwambia naye auze. Akakataa. Véronique, aliyekuwa amekwisha ingiza beseni lake, alikuwa karibu.

"Akasema: mungoje, mutoto atatengeneza," Véronique anasema. "Bengine balitoka sababu habamuamini Elikia. Yeye alibakia sababu alimuamini. Njo ile inaniumizaka."

Elikia alifungua simu saa nne na robo, akakuta ametafutwa mara ishirini na mbili. Alikimbia. Orodha ya zamani ilikuwepo, na kuirudisha kulichukua dakika tano. Majina kumi na matatu yakarudi, Jules akafungua mlango, beseni likaingia. Nyiramahoro akamshukuru. Lakini samaki walikuwa wamekaa nje zaidi ya saa nne, na baridi haifufui.

Huko Muganza mpishi alifunua kitambaa, akainamisha kichwa, akakifunika tena. Hakusema neno baya. Alisema tu kwamba asije tena Jumatano.

Majuto ni mjukuu, na wa Elikia alikuja na pacha wake. Wiki hiyo ushirika ukaitisha mkutano, akaombwa aeleze. Akasimama mbele ya wanawake wale, Nyiramahoro akiwa kwenye benchi la mbele, na akasema maneno haya: mashini ilikosea.

"Ningesema nini? Ningeanza kubaeleza mafaili tatu, umuganda, kunakili?" anauliza, kisha anajijibu mwenyewe. "Apana. Ningeweza kusema: nilisahau. Neno moja. Kila muntu anajua kusahau. Niliogopa."

Wanawake walipokea maelezo. Baadhi hata walicheka, wakasema ndiyo maana walipenda daftari. Nyiramahoro hakucheka wala hakuuliza kitu. Mwisho wa juma alirudisha kadi yake ya ushirika, akafunga meza aliyoiweka kwa miaka ishirini, akarudi kwao Nyakabuye kulima.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alichuma, wakala wa kwao peke yao. Yeye wateja wake bado ni watano.

Baada ya hapo Elikia alibadili kila kitu, kwa hasira ya mtu anayefunga zizi ng'ombe akiwa ametoka. Leo kanuni zote ziko kwenye faili moja tu. Mahali ambapo kila programu hutafuta maagizo yake, ameweka njia inayoelekeza kwenye faili hilo. Akibadili mstari mmoja, wote watatu wanausoma. Hakuna tena kunakili. Na hakuna programu inayoruhusiwa kufuta jina la mtu kabla Jules hajasomewa kwa sauti.

Inafanya kazi vizuri. Vijana wawili kutoka Kigali wamemwomba awafundishe. Anawafundisha, na kila mara akifika kwenye kanuni ya simu moja anairuka na kuendelea na nyingine.

"Ilinichukua nusu siku kutengeneza," anasema. "Nusu siku tu. Ningeifanya mwaka jana, Maman angekuwa sokoni sasa."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuliongozana naye hadi Nyakabuye. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kwa miezi mitatu alikuwa ametuma salamu na maombi ya msamaha kupitia simu ya Véronique, na kwa miezi mitatu jibu lilikuwa kwamba Maman anasalimia.

Tulimkuta Nyiramahoro, 58, amekaa mbele ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Alituletea benchi mwenyewe. Aliuliza habari za Kamembe, za mvua, za mchungaji. Aliuliza kama Elikia anakula, maana amekonda. Ndizi zikaletwa. Elikia hakuzigusa.

"Maman, nilikuya kuomba pardon."

"Ulishaomba. Véronique alinisomea."

"Ile sikuomba kwa ile nilifanya mu mkutano. Nilisema ni mashini. Haikukuwa mashini. Ni mimi nilisahau kuandika, na tena sikusoma majina."

Nyiramahoro aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa, akatafuta kingine.

"Mashini siikasirikiake," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Mashini haikuwa inanijua. Weye ulikuwa unanijua."

Elikia alilia, na kwa kweli hata aliyebeba kalamu alitazama kando. Mwenyeji wetu hakumbembeleza. Aliinuka, akaleta maji kwenye kikombe, akayaweka karibu na mkono wake, akakaa tena.

Elikia alipoweza kusema, alimwomba arudi. Alimweleza kuhusu faili moja, kuhusu swali la kila asubuhi, kuhusu Jules kusomewa majina kwa sauti. Nyiramahoro alisikiliza yote kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza habari za ukoo mwingine.

"Mi sirudi, mutoto wangu. Nilisimama pale mulangoni masaa ine, bantu banapita, nabaambia mutoto wangu anakuya. Siwezi kupita ile mulango tena."

Kisha akaita kuelekea ndani. Akatoka mwanamke kijana, mtoto mgongoni, mikono ina unga wa muhogo. Ni Umurerwa, mke wa mwanawe wa pili.

"Huyu ataanza lundi," Nyiramahoro alisema, akimaanisha Jumatatu. "Samaki nimeshamutafutia. Hana simu. Ataandikwa kwa namba ya Véronique."

Elikia tayari alikuwa ametoa simu yake mfukoni ili aliandike jina. Nyiramahoro alinyoosha mkono, akaifunika ile simu kwa kiganja chake chenye vumbi la maharage.

"Apana sasa. Lundi asubui simama naye pale mulangoni, aingie kwa nafasi ya Véronique. Ukishaona ameingia, njo uandike."

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Umurerwa alitusindikiza hadi barabarani, akauliza mara mbili chumba cha baridi kiko upande gani wa soko, na Elikia akamwelekeza mara mbili. Walikubaliana kukutana saa kumi na moja na nusu, kabla Jules hajafungua.

Tulipobaki wawili tulimuuliza Elikia kama anadhani amesamehewa.

"Hakusema," alijibu. "Mi sikumuuliza, niliogopa. Lakini alinipa muntu wake."